Mwaka Niliopika Udongo

Mwezi uliopita nilikwenda Bunda kwenye msiba wa Mzee Mafuru, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji nilichoanzia kazi yangu ya ubibi shamba. Nilikaa chini ya turubai upande wa akina mama, kwenye jamvi, nimenyoosha mguu wangu mbovu, nikisubiri wasifu wa marehemu usomwe. Aliyesoma alikuwa mjukuu wake, kijana mwenye sauti nzuri ya kanisani. Alisema babu yake alisimamia uchimbaji wa kisima, alijenga darasa la kwanza, na alianzisha shamba la ujamaa la viazi mviringo kando ya ziwa, wakati hakuna aliyeamini kwamba viazi vya milimani vinaweza kustawi huku chini. "Kwa bahati mbaya," akasoma, "viazi hivyo viliharibika kutokana na mbegu mbovu iliyoletwa na mtaalamu." Watu wakaguna. Mama mmoja tuliyekaa naye bega kwa bega, ambaye hakunifahamu, akaninong'oneza, "Wataalamu nao!" Nikavuta kanga, nikajifunika mpaka kwenye paji la uso. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, nimestaafu kwa heshima, nimefundisha vijana wengi kuliko ninavyoweza kuwakumbuka. Lakini pale kwenye jamvi masikio yaliniwaka kama ya msichana aliyekutwa na mali ya wizi, na wali wa msiba ulipoletwa nilimsogezea yule mama sahani yangu. Mtaalamu aliyetajwa ni mimi.

Nilifika kijijini hapo mwaka uliofuata Operesheni Vijiji, watu wakiwa bado wanaezeka nyumba zao mpya na mbuzi wakiwa bado wanarudi jioni kwenye mahame. Nilikuwa na miaka ishirini, sanduku moja la bati, na cheti cha kilimo ambacho kwa sehemu kubwa kilinifundisha pamba. Nilipangiwa kukaa kwa Mama Masatu na mume wake. Chumba changu kilikuwa ghala la michembe kabla sijaja, na kwa mwaka mzima nguo zangu zilinukia viazi vitamu vilivyokaushwa; hata leo nikipita sokoni penye michembe, mwili wangu unakumbuka kile chumba kabla sijakumbuka mimi. Dirisha lilikuwa dogo kama kitabu. Ukuta uliotenganisha chumba changu na chao haukufika kwenye paa, kwa hiyo niliyajua mambo ya nyumba ile yote: nani ana deni la jembe, ng'ombe gani hashiki mimba, na mzee anaumwa mgongo upande gani. Jioni tulikula ugali wa mtama na muhogo, mweusi, mzito, kwa furu waliokaushwa, sote kwenye sinia moja na mkono mmoja baada ya mwingine. Mama Masatu aliniwekea kichwa cha samaki upande wangu. "Kula, Bhoke," alikuwa akiniambia. "Mtu mwenye kazi ya kusema na watu wazima anahitaji nguvu."

Shamba la viazi lilikuwa limeshachaguliwa nilipofika. Wakubwa kutoka wilayani walikuja, wakatembea kando ya ziwa, wakaonyesha kwa fimbo: hapa. Palionekana pazuri kweli, udongo laini wa kichanga, maji karibu, hakuna jiwe. Kabla ya Operesheni, familia za wavuvi zilikuwa zikilima nyanya na bamia hapo, kisha zikahamishwa. Mzee Mafuru, mtu mrefu aliyetembea polepole kama anayepima ardhi kwa miguu, alinikabidhi kazi ya mbegu. "Wewe ni mtu wa milimani," alisema. "Kwenu Tarime viazi mnavijua. Nenda ukatuletee vizuri." Nilikwenda na lori la kijiji, nikakaa kwa mjomba wangu, nikapitia lundo lote kwa mkono. Kila kiazi nilikigeuza, nikakibonyeza, nikatazama macho yake. Chenye jeraha nilikitupa. Nilirudi nikiwa na magunia ya mbegu na fahari isiyo na kifani, na watu walipokuja kupanda niliwaimbisha. Mwezi wa kwanza majani yalikuwa ya kijani iliyokolea mpaka wapita njia walisimama. Halafu, bila ukame na bila mdudu wa kuonekana, baadhi ya mashina yakaanza kunyong'onyea mchana, yakainuka jioni, yakanyong'onyea tena kesho yake. Niliamuru maji zaidi. Maji yalikuwa tele, tukamwagilia, na mashina yakaendelea kulala.

Siku ya kuvuna ndipo tulipoviona. Si vyote, lakini vingi: viazi vilivyojaa manundu, ngozi yake imeinuka vipele vipele. Nikaokota kimoja, nikakigeuza mkononi. Mzee Mafuru naye alikitazama, akakigeuza, akakirudisha chini. Tulikuwa tumeitwa Butiama kwenye maonyesho ya mazao ya vijiji, na jina la kijiji chetu lilishaandikwa kwamba tutaleta viazi. Hakuniuliza kitu. Asubuhi ya safari nilikuta magunia yameshashonwa na yamepakiwa.

Butiama kulikuwa na ngoma, vumbi na watu waliovaa nguo zao za Jumapili. Kila kijiji kilikuwa na turubai yake na mkeka wake: mtama, karanga, pamba nyeupe kama povu, mihogo mirefu kama miguu ya mtu. Sisi tulifungua gunia moja na viazi vya juu vilikuwa laini, vikubwa, vya kupendeza. Watu walikuja kuvishika. Mkubwa mmoja wa kilimo akaja na msafara wake, akachukua kimoja, akatabasamu, kisha akasema, "Hebu mwageni gunia hili, tuone wingi wake." Mzee Mafuru akasema mkeka ni mdogo. Yule mkubwa akasema, "Mwageni tu." Vijana wakalipindua. Viazi vizuri vikatangulia, na juu yake vikaporomoka vile vya manundu, vingi, vikabingirika mpaka kwenye viatu vya wageni. Mkubwa akakiokota kimoja kwa vidole viwili, akakiinua juu ili watu wakione. "Wazee," akauliza, "hivi ni viazi au ni vyura?"

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia tena popote. Kilianzia mbele, kikaenda nyuma kwa watu ambao hata hawakuona kitu, wakacheka kwa sababu wenzao wanacheka. Ndipo Mzee Mafuru aliponyoosha mkono. Hakuunyoosha kwa hasira. Aliunyoosha kama mtu anayeonyesha njia. "Mheshimiwa," akasema, "mbegu ililetwa na huyu binti. Alikwenda kuichagua mwenyewe, kwao." Neno lile kwao lilinipiga kuliko yote. Watu wakageuka kunitazama. Nilikuwa nimevaa gauni jipya la maua, nililoshonewa Musoma kwa ajili ya siku hiyo, na nakumbuka nilitamani lingekuwa na rangi ya vumbi. Mkubwa akaniuliza kama ni kweli. Nikajibu ndiyo, kwa sababu ilikuwa kweli: mbegu niliileta mimi.

Tuliporudi, mkutano wa kijiji uliitishwa. Niliambiwa nisimame mbele, nikasimama. Katibu alitumia neno hujuma. Mama mmoja akainuka akasema, "Sisi tulikuwaga tunakula mihogo yetu, hatuna shida. Huko kwao viazi wanakula vizuri. Mbona sisi watuletee vyenye ugonjwa?" Mzee mmoja akauliza kama ugonjwa ule unaweza kuhamia kwenye mihogo, na hapo ndipo watu waliponiogopa hasa. Mwenyekiti alifunga mkutano kwa kusema suala langu litapelekwa wilayani. Tangu siku hiyo, jirani aliyezoea kuja kwetu kunywa uji asubuhi alianza kuja na kikombe chake mwenyewe. Alikitoa tu kwenye kanga, akakijaza, akaondoka nacho. Mama Masatu hakuacha kuniwekea kichwa cha samaki, lakini wageni wakiwepo niliona mikono yao ikichelewa kufika kwenye sinia niliposhika mimi, nikaanza kusema nimeshiba.

Nitasema jambo ambalo vijana niliowafundisha baadaye hawakulielewa nilipowasimulia. Aibu yangu haikuwa ya kusingiziwa. Mtu anayesingiziwa ana hasira, na hasira ni fimbo ya kutembelea. Mimi sikuwa nayo, kwa sababu sikujua kama wananisingizia. Huenda ugonjwa ulikuwa kweli ndani ya mbegu yangu. Nilikuwa nimekagua kwa macho tu, na macho yangu yalikuwa ya pamba. Kwa hiyo kila walichosema nje, nami nilikisema ndani, tena kwa ukali zaidi. Ndani ya sanduku langu kulikuwa na kitabu cha chuoni, na kwenye ukurasa ambao hatukuwahi kuufikia darasani nikakuta picha ya mzizi uliovimba kama shanga zilizotungwa. Minyoo fundo, waliitwa: minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoingia kwenye mizizi na kuifanya ivimbe. Kitabu kilisema wanaweza kukaa ardhini wakisubiri, na pia wanaweza kusafiri ndani ya kiazi cha mbegu. Nilisoma sentensi hiyo ya pili mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Nilikwenda shambani nikang'oa mashina yaliyobaki. Mizizi ilikuwa na mafundo. Niliyasugua kwa kidole, kwa sababu maharage nayo yana vifundo vyake, lakini vya maharage ni vyema na ukivisugua vinadondoka. Haya hayakudondoka, ulikuwa ni mzizi wenyewe ulionenepa. Kisha, pembeni kabisa, mahali ambapo viazi havikufika, nikaona mche wa mnyanya uliojiotea kutokana na bustani za zamani, umekonda, una majani ya njano. Niliung'oa. Nao ulikuwa na mafundo. Nilitaka kushangilia, lakini nikajizuia: maji ya kumwagilia yangeweza kuwapeleka minyoo pale. Nilihitaji kitu ambacho hata mimi, niliyekuwa na hamu ya kujitetea, nisingeweza kukibishia.

Chini ya kitanda changu kulikuwa na kikapu cha mbegu zilizobaki, zimenyauka lakini zina machipukizi marefu meupe. Niliomba makopo ya mafuta ya kula, nikayatoboa chini. Nilichukua udongo kutoka mbugani mbali na mashamba, nikautandaza juu ya bati, nikawasha moto chini yake, nikaukaanga mpaka ukafuka moshi, ili kama kuna mnyoo ndani afe. Katika makopo yenye udongo huo uliokaangwa nilipanda mbegu zangu za Tarime. Katika mengine nilijaza udongo wa shamba la kijiji, kutoka upande wa juu ambao haukupandwa viazi wala kumwagiliwa, nikapanda miche safi ya nyanya niliyoiotesha mwenyewe. Ikiwa minyoo walitoka kwetu milimani, mizizi ya viazi vyangu ingevimba. Ikiwa walikuwa ardhini, ingevimba ya nyanya. Kila kundi lilikuwa na kata yake ya maji, nisije nikauhamisha ugonjwa kwa mikono yangu.

Siku ya pili habari ilikuwa imefika kisimani. Niliwasikia wateka maji kabla hawajaniona. "Bibi shamba anapika udongo," alisema mmoja. "Anapika?" "Nimemwona kwa macho yangu. Anakaanga kama karanga, halafu anauweka kwenye kopo." "Ataula?" Wakacheka, kisha wa tatu akasema kwa sauti ya chini, "Msicheke. Kwao wanajua mambo mengi hao." Niligeuka na ndoo yangu tupu, nikateka maji ziwani siku hiyo, na siku zilizofuata. Jioni nikiwa chumbani nilimsikia Mzee Masatu ng'ambo ya ukuta. "Huyu msichana aondoke. Watu watasema tunafuga mchawi." Mama Masatu akamjibu, "Mchawi gani anafanyia kazi yake uani mchana kweupe, na kuku wanamwangalia?" Mzee akasema, "Wewe umempenda tu." Mama Masatu akasema, "Ndiyo. Nimempenda." Nililia kwenye mto wangu wenye harufu ya michembe, na sijui mpaka leo kilichoniliza zaidi ni maneno ya nani.

Asubuhi moja nilikuta kopo limepinduliwa na mche umelala. Huenda alikuwa mbuzi. Sikuuliza. Mengine yalikua, na miche ya nyanya ilipofikia kuweka maua nilimwita Mama Masatu uani. Nilipindua kopo la kiazi kwanza, maana nililiogopa zaidi. Tukauosha mzizi kwenye beseni taratibu. Ulitoka mweupe, mwembamba, umenyooka kama uzi mpya. Nikaosha wa pili na wa tatu. Hakukuwa na fundo hata moja. Kisha nyanya: mizizi ilitoka kwenye maji imevimba, imejikunja, kama vidole vya mzee mwenye baridi yabisi. Mama Masatu aliishika yote miwili, mmoja kila mkono, akatazama huku na huku. "Basi ni ardhi," akasema. "Ni ardhi," nikasema, nikakaa chini kwenye tope la beseni.

Hata hivyo nilitaka kumwona mnyoo mwenyewe. Nilifunga mizizi na viazi vya manundu kwa kitambaa kibichi, nikaenda Musoma kwa Esta, niliyesoma naye, ambaye alikuwa akitunza maabara ya shule moja ya sekondari. Alikaa chumba cha kupanga mtaa wa Iringo, chenye kitanda kimoja na pazia la kitenge. Shule ilipotoka mchana alinifungulia maabara. Kwa wembe tulikata kiazi vipande vyembamba, na chini kidogo ya ngozi tukaona madoa ya kahawia. Esta akapasua doa moja kwa ncha ya sindano, akaweka tone la maji juu ya kioo, akarekebisha hadubini, akasogea. "Njoo umwone mgeni wako," akasema. Nilitazama. Alikuwa mweupe, anang'aa kama lulu, mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, umbo la tunda la pea. Alikuwa jike, kitabu kilimchora hivyohivyo. Hakuwa na haraka yoyote. Nilimtazama kiumbe aliyenivua nguo mbele ya watu Butiama, na ajabu, sikumchukia. Esta aliniuliza, "Unalia au unacheka?" Jioni ile tulishuka ziwani Mwigobero, tukanunua sato wa kukaanga, nikala mpaka mifupa. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi kula mbele ya watu bila kuhesabu mikono.

Nilirudi nikaenda moja kwa moja nyumbani kwa Mzee Mafuru. Alikuwa peke yake uani, ananoa panga. Nilimwekea mizizi kwenye ungo, huu na huu, nikamweleza yote, hadi jike kwenye kioo. Alisikiliza vizuri. Alisugua fundo kwa dole gumba, akaona halidondoki. Aliuliza maswali ya mtu mwenye akili: wanakaa ardhini muda gani, wanapenda mmea gani, wanachukia upi. Nikamwambia shamba lipandwe karanga, lisipandwe viazi wala nyanya kwa misimu kadhaa. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Kisha akasema, "Nimekuelewa, binti yangu. Lakini mkutano umeshapita."

"Uitishwe mwingine, mzee."

"Nikisimama nikasema ardhi ndiyo mgonjwa, wataniuliza nani aliichagua. Na wewe unawajua walioichagua." Aliweka panga chini. "Wilayani sitapeleka neno juu yako. Hilo limekwisha. Utahamishiwa kwingine, kwa wema."

"Na hapa kijijini?"

Alinitazama kwa huruma. Hilo siwezi kumnyima. "Wewe ni msichana," akasema. "Utaondoka, utaolewa, watakusahau. Mimi nitazikwa hapa."

Mkutano uliofuata, Mama Masatu alinisukuma kwa kiwiko. Niliinua mkono. Mwenyekiti aliuona, macho yetu yalikutana kabisa. Akatangaza kwamba shamba la kando ya ziwa msimu huu litapandwa karanga kwa sababu ardhi imechoka, watu wakakubali, na mkono wangu bado ulikuwa juu. "Kama hakuna jingine, tufunge," akasema. Nilisimama. Nyuso zote zikageuka, kama zilivyogeuka Butiama, na maneno niliyoyapanga tangu Musoma, yenye mnyoo, mizizi na makopo, yote yakakauka. Mtu nyuma akanong'ona, "Mpika udongo," na wengine wakabana kicheko. Nikaketi. Nilikuwa na ukweli mkamilifu, uliooshwa kwenye beseni na kutazamwa kwa hadubini, na nikauketia kama mtu anayeficha doa kwenye gauni.

Uhamisho ulikuja kabla karanga hazijachanua. Asubuhi ya kuondoka Mama Masatu alichemsha viazi vitamu, tukala wawili tu jikoni, sahani moja. Kisha akajitwisha sanduku langu la bati, akashika barabara kuu inayopita katikati ya nyumba zote. "Twende," akasema. "Upite hapa, wakuone." Nilimwambia atangulie. Alinielewa, akasimama kidogo, halafu akaenda, mgongo umenyooka, sanduku linang'aa juani. Nilijua sina kosa. Nililijua hilo kuliko mtu yeyote duniani. Na nikapita njia ya nyuma, kwenye matete, nikiinama kila niliposikia sauti ya mtu.

Nilimkuta ameshafika kwenye kituo cha basi, amekaa juu ya sanduku, anajipepea kwa kanga.

"Wamenisalimia wote," akasema. "Wamekuulizia."

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia yuko nyuma, anakuja."